Viti Viwili vya Kinyozi

Bura na rehani ni vitambaa vya zamani, na leo ni wachache waliowahi kuvishika. Hata hivyo methali yake haijachakaa. Aliyesema "Bura yangu sibadili na rehani" hakudharau nguo ya jirani. Alisema tu kwamba yake imeuzoea mwili wake. Mungu humpimia kila mja riziki yake, na mwenye busara huitazama vizuri kabla ya kutamani ya mwenzake.

Palikuwa na ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, wote vinyozi. Mkubwa alinyoa katika mji mdogo, kwenye chumba cha kupanga chenye kiti kimoja, kioo kimoja na benchi lisilokauka watu. Mdogo alinyoa jijini, katika saluni yenye vioo ukuta hadi ukuta, na kwa wepesi wa mkono wake kila mtu alimwita Umeme.

Siku moja Umeme alikuja kumsalimu kaka yake, viatu vinang'aa utadhani havikanyagi chini. Hata chai hajaimaliza, akaanza.

"Kaka, unajipunja bure. Kichwa kimoja kule ni vichwa vitatu vya hapa! Na kwa bosi wangu kuna kiti kitaachwa wazi mwezi ujao. Funga virago uje."

Yule kinyozi wa mji mdogo alimeza mate. Neno lile lilimwingia kama maji kwenye mchanga. Tena lilikuja wakati mbaya, kwa maana mama mwenye nyumba alitaka jibu mwisho wa mwezi. Kama kinyozi haendelei kupanga, chumba anampa fundi simu, ambaye alikwisha kuja kupima mahali pa kuweka meza yake. Chumba kile kikimtoka mkononi, hakirudi.

Mkewe alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Shemeji, umetuambia kichwa kinalipwa ngapi. Mdomo unalishwa kwa ngapi?"

"Shemeji nawe! Penye nyingi nani anahesabu?"

"Asiyehesabu ndiye anayeishiwa. Hata kiatu mtu hukivaa dukani kabla hajakilipia. Baba watoto, nenda ukakae kwenye kiti chake mwezi huu, naye akae kwenye chako. Kisha ndipo umjibu mama wa watu."

Umeme alicheka hadi chai ikampalia. "Mimi kukaa huku? Hiyo ni likizo!"

Wakabadilishana.

Huko jijini kinyozi aliona kwamba mdogo wake hakusema uongo. Pesa ziliingia kama maji ya bomba, ila zilitoka kama maji ya ndoo iliyotoboka. Kiti alikilipia kila asubuhi, wateja waje wasije. Alipanda basi la kwanza, akashuka, akapanda la pili. Maji ya kuoga aliyanunua kwa dumu. Chakula cha mchana alikila wima, sahani kiganjani, huku mteja akitazama saa. Kilichobaki kilizidi cha nyumbani, tusikufuru, lakini kilizidi kwa thamani ya jozi ya soksi. Na hapo alikuwa peke yake! Akikitazama chumba cha Umeme, kitanda kikigusa kuta tatu, alijiuliza watoto atawatundika wapi.

Kilichomchoma zaidi ni ule upweke katikati ya watu. Wateja waliketi, wakaziba masikio kwa muziki wa simu, wakafumba macho. Aliyenyolewa asubuhi alimpita mlangoni jioni bila salamu.

Adhuhuri moja akampigia mkewe simu. "Habari za huko, mama watoto?"

"Tunamshukuru Mungu. Shemeji yuko benchini."

"Amepumzika?"

"Apumzike wapi! Anangoja wateja. Anawanyoa kabla hawajakaa sawasawa. Jana seremala kasimama hapa anafoka: 'Huyu kanimaliza hata sijafika kwenye habari za harusi ya binti yangu! Kaninyoa kama tunafukuzwa!'"

Kinyozi alicheka mpaka bosi akageuka. "Mwambie awaulize hali zao kwanza."

"Nimemwambia. Ananiuliza, kwani yeye daktari?"

Mwezi ulipokaribia kuisha, kinyozi alirudi. Alimkuta Umeme amekaa na begi miguuni, na mama mwenye nyumba amesimama mlangoni pamoja na fundi simu.

"Kaka, afadhali umekuja!" Umeme aliruka. "Huku mtu haji kunyolewa, anakuja kupiga soga! Na hicho kimya chenu kinanipigia kelele, silali. Mimi nimezoea honi, vichwa vya haraka, mtu aje, aende. Nirudishie kiti changu."

"Chukua, mdogo wangu, na Mungu akubariki nacho. Ulinieleza ukweli, ila ulinieleza mapato tu. Mimi nimezoea kuuliza hali."

Mama mwenye nyumba alikohoa. "Wanangu, nawapenda, lakini jua linaniwakia. Chumba unakishika au unakiachia?"

"Nakishika, mama. Na ukikipaka rangi mwaka huu, sitakasirika."

"Rangi! Mwanamume karudi na maneno ya jijini," mama akasema, wakaangua kicheko wote, isipokuwa fundi simu. Yeye alikitazama kile chumba, akashusha pumzi, kisha akaenda kukaa kwenye kiti.

"Basi ninyoe, nisitoke hapa mikono mitupu."

Kinyozi alimfunga kitambaa shingoni bila haraka. "Mama nyumbani hajambo?" akamuuliza, na fundi simu, aliyekuja amenuna, akaanza kusimulia.

Nje, Umeme aliagana na shemeji yake kwa furaha, akakimbilia basi la jijini. Kila ndugu alikuwa ameivaa nguo ya mwenzake ikambana makwapani, akarudi kwenye yake bila kinyongo wala wivu: bura yangu sibadili na rehani.