Senkondo Mtega Fuko na Bei Iliyomshinda

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa pakacha la viazi mlimani. Majani ya juu ni ya mwenye shamba, kiazi cha chini ni cha nani?

— Cha fuko!

Haya, sogeeni motoni. Atakayesinzia leo nitamwita fuko mpaka kuche.

Hapo zamani za kale, huko Upareni milimani, watu walilima viazi vitamu juu ya matuta, na fuko akalima chini yake. Mama akipita asubuhi anaona majani mabichi, anafurahi, anaimba. Akivuta shina linakuja lenyewe, tupu! Viazi vimeliwa vyote.

Basi alikuwapo kijana mmoja, Senkondo, fundi wa kutega fuko. Anafukua njia ya fuko, anaweka kitanzi, anapinda ufito. Fuko akipitisha pua tu, ufito unafyatuka: fyaa! Fundi kweli kweli. Lakini ukimuuliza, "Senkondo, bei gani?" anajikuna kisogo. "Nipe chochote, mama." Nao watu, si mnawajua watu? Wakampa chochote. Huyu ndizi moja, huyu boga lililooza upande, huyu "Mungu akuzidishie."

Senkondo alimpenda Nanzia, na Nanzia alimpenda Senkondo. Hata mbuzi walijua. Akaenda kuposa kwa Nakiete, mama yake Nanzia, mjane mwenye shamba kubwa na mdomo mkubwa kuliko shamba.

Nakiete akasema, "Kijana, asiyejua bei ya mkono wake atamlisha mwanangu chochote. Fuko wamenimaliza. Njoo utege kwangu, utaje bei ya maana. Ukishindwa, Nanzia nitamwoza kwingine."

Senkondo akajikuna kisogo. Akasema, "Mama, nilipe kwa siku. Kila siku kibaba cha maharage."

"Haya, tega."

Akatega. Fyaa! Fuko akanaswa kiunoni, akaimba:

*Senkondo, Senkondo, mbona wanikaba?*
*Nikifa mimi leo, kesho huna kibaba!*

Senkondo akafikiri. "Kweli bwana!" Akalegeza kitanzi. Tangu hapo akawa anakaa juu ya tuta, anapuliza filimbi, jioni anachukua kibaba chake. Siku zikaenda, maharage yakaenda, na viazi navyo vikaenda.

Nakiete akaja, mikono kiunoni. "Senkondo! Nakulipa utege au nakulipa ukae? Kukaa hata mimi najua!"

Senkondo akaona aibu. Akasema, "Basi mama, nilipe kwa mkia. Kila mkia wa fuko, kibaba kimoja."

"Haya, tega."

Akatega. Fyaa! Fuko akaimba:

*Senkondo, Senkondo, mbona wanikaba?*
*Chukua mkia wangu, kibaba ni kibaba!*
*Niache nikazae, mikia ije haba na haba!*

Senkondo akafikiri. "Huyu fuko amesoma wapi?" Akakata kile kimkia kifupi, akamwachia. Akaleta mikia, ikatungwa kwenye kamba, ikaning'inizwa mlangoni pa Nakiete. Kamba ikarefuka, Nakiete akacheka, akapima maharage, akajisifu kwa majirani.

Mpaka asubuhi moja. Nakiete yuko shambani, mara fuko huyo, anakatiza tuta mchana kweupe, mnene, hana mkia! Nyuma yake mwingine, hana mkia! Nyuma yao watoto, nao mikia wanayo, wanangoja zamu yao!

"Uuuwi! Senkondo! Mbona mikia iko mlangoni kwangu na wenyewe wako shambani kwangu?"

Hapo Senkondo akatupa ufito wake. Akaenda akaketi mtoni, machozi yanamtoka. Nanzia akamfuata na mtungi wake.

"Senkondo, mama yangu anakula siku?"

"Hali."

"Anakula mikia?"

"Hali."

"Anakula nini?"

"Viazi."

"Basi mbona unamuuzia vingine?"

Senkondo akaruka juu. Akamshika Nanzia mikono, akacheka, akakimbia mpaka kwa Nakiete.

"Mama, nipe nafasi moja tu. Nitatembea shamba lote kwanza, nione vifusi vipya vya udongo, nijue kazi ilivyo. Kisha nitatega shamba zima kwa bei moja. Sasa utanipa chakula tu cha kunitia nguvu. Siku ya kuvuna, kila mapakacha kumi ya viazi vizima, moja langu. Fuko akirudi kabla ya hapo, nami narudi, na hunilipi zaidi."

Nakiete akakunja uso. "Kumi? Ghali! Kila ishirini, moja."

"Kumi, mama."

"Kumi na tano, na kuku nakuongezea."

Mkono wa Senkondo ukaanza kupanda kwenda kisogoni. Akaushika kwa mkono wa pili. "Kumi, mama."

"Kumi na mbili basi, mkwe wangu!"

Alipojisikia alilolisema, Nakiete akaziba mdomo. Lakini neno limeshatoka! Nanzia nyuma ya mlango akapiga kigelegele, majirani wakaitikia bila kujua kuna nini.

"Kumi," akasema Senkondo.

"Haya, kumi! Nenda katege kabla sijakufukuza."

Akatega. Fyaa! Fuko akaimba: *Senkondo, Senkondo, nikifa mimi leo…*

"Ukifa leo, rafiki yangu, kazi imekwisha mapema," akasema Senkondo, na wala hakulegeza kitanzi. Akatega juu, akatega chini, akatega katikati, mpaka matuta yakatulia.

Siku ya kuvuna, jembe likaingia, viazi vikatoka vizima, vikubwa, vyekundu. Nakiete akacheza ngoma peke yake katikati ya shamba. Senkondo akalipwa mapakacha yake, na kabla hayajafika nyumbani yakawa chakula cha harusi yake mwenyewe.

Mnasikia, wanangu? Mwenye shamba hanunui siku zako wala mikia yako, ananunua viazi vyake. Kitie bei kile anachokihitaji, kisha usiyumbe.

Mimi harusini nilikuwapo. Nilikula viazi mpaka wakanibingirisha kurudi nyumbani. Ngano yangu nimeifukia hapa. Mwenye meno aichimbe.