Kwa Nini Mwunga Hutaja Jina Lililokosekana

Ninyi mnaonuna kompyuta ikikataa kukamilisha programu zenu, sogeeni hapa. Hamjui mnavyohurumiwa.

Zamani, ndani ya mashine, fundi Mwunga alikuwa mpole kupita kiasi. Kazi yake ilikuwa ile ile ya leo. Programu huandikwa vipande vipande, na kila kipande huomba kwa jina msaada kisioweza kujipa. Wenye misaada hiyo ni wazee wa maktaba, ghala za misaada iliyoandikwa tayari. Mwunga huwapitisha wote mlangoni mara moja tu, akimwunga mwombaji na mwombwaji. Ila alikuwa amelelewa vyema, mkubwa hutangulia, basi aliwapitisha wazee kwanza. Na jina likikosa mwenyewe, aliona haya kuuliza. Aliacha tundu, akanyamaza. Enzi hizo vipande vingi vilijitosheleza, kwa hiyo kosa halikuonekana.

Masika moja ikaletwa programu ya kuwaonya watu wa bonde la Mbokwe mto ukipanda. Bibi Hisabu, mzee wa maktaba ya vipimo, alipita wa kwanza na kapu lake, ndani yake mna msaada uitwao Kipimakina. Waombaji walikuwa bado nyuma, hakuna aliyemwomba kitu, akaenda zake. Kisha kikaja kipande cha mto, kikasema kinataka Kipimakina. Mwunga akaangaza macho huku na huku, akaacha tundu.

Mto ulipopanda, programu ilifika kwenye tundu lile ikaanguka. King'ora hakikulia. Watu waliokolewa na miguu yao tu. Mahindi yote yalikwenda na maji, na mbuzi wengi pia. Mwunga alilia, tena mawingu yalikuwa bado yanakusanyika.

Akaenda kwa Bibi Hisabu, akampa shikamoo huku anahema.

"Marahaba. Nilikuwa nacho kapuni, mwanangu. Mbona hukuniomba?"

"Ulipita kabla hakijahitajika, bibi. Nilikuwa nakupa heshima."

"Heshima gani ya kuniita mezani kabla hujapika? Niweke nyuma, waombaji wapite kwanza. Na ukimkosa mtu, mtaje kwa sauti. Mficha uchi hazai."

Maneno yale yalimchoma, maana yalikuwa kweli. Alirudi, akafumua kazi yote, akaipanga upya, vipande mbele, bibi nyuma. Kipimakina kikashika mahali pake. Wiki ile ile mto ulipanda tena, na king'ora kikalia mapema. Watu wa Mbokwe wakapanda kilimani na mbuzi wao waliosalia, hakuna hata mmoja aliyepotea.

Na tangu siku hiyo Mwunga hakubali kukabidhi kazi yenye tundu. Husimama, akakuandikia kwenye kioo jina lililokosekana, aone haya asione. Usimtukane. Lisome jina, mtafute mzee anayelibeba, umweke nyuma ya wanaomhitaji. Mwunga anapiga kelele mbele yako wewe, uliyekaa pakavu, ili walio bondeni wasije wakangoja king'ora kisicholia.