Ndimu za Mishi

Kitendawili! Nina chakula ndani nimekifungia, mwanangu akashibia jalalani. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Lamu? Haya, nimekwenda Lamu, nimekula halua yao, nimerudi. Jibu ni maneno ya mzazi.

Nyumba ikinyamaza, kichochoro hujibu. Methali hiyo mmeisikia asubuhi kwa jirani, mkataka kujua imetoka wapi. Ilianza hivi.

Pale Vanga palikuwa na mama mmoja, Mwanakombo, mkaanga mihogo. Bintiye, Mishi, alikuwa darasa la saba. Zamani zile mama hakumfundisha bintiye mambo ya mwili, ilikuwa aibu. Kazi hiyo ilikuwa ya somo, mwanamke aliyechaguliwa kumfunda msichana anapovunja ungo. Somo wa Mishi alikuwa jirani yao, Bi Rehani. Alimfunda kujisafisha, kukaa na kusalimia wakubwa. La mimba hakulitaja, akidhani mama mtu ameshalisema. Na mama mtu alidhani somo amelimaliza.

Siku moja Mishi akauliza, "Mama, mimba huingiaje?"

Mwanakombo akageuza muhogo ambao hata haujashika moto. "Kamuulize somo wako."

Somo naye akashika kiuno. "Makubwa! Mamako hana mdomo?"

Basi Mishi akauliza kichochoroni, kwa wasichana waliopanga ndoo bombani. Huko majibu hayakuwa haba.

Alasiri moja Mwanakombo akamkuta jikoni anakunywa maji ya ndimu, uso umemkunjamana, maganda yamejaa sahani.

"We Mishi, tumbo linakuuma?"

"Haliniumi, mama."

"Halikuumi, na ndimu zangu za mihogo umezimaliza!"

Mishi akainama. "Mwanasiti, yule wa bombani, kasema ukinywa ndimu kabla, mimba haishiki. Na eti mara ya kwanza haishiki kabisa."

Mwiko ukamtoka Mwanakombo. "Kabla ya nini?"

"Yule kijana wa kinyozi kaniita kwao leo. Mamake kaenda shamba."

"Umewahi kwenda?"

"Bado, mama. Wallahi bado."

Mwanakombo akakaa chini pale pale kwenye majivu, akacheka huku machozi yanamtiririka. "Alhamdulillahi! Alhamdulillahi!" Kisha akapaza sauti ukutani, "Bi Rehani! Njoo, shoga, tumelala usingizi mimi na wewe!"

Bi Rehani akaja mbio, kanga moja begani, nyingine inaburuta. Aliposimuliwa, akajishika kifua.

"Mimi nilidhani wewe umemwambia."

"Na mimi nilidhani wewe."

"Kumbe Mwanasiti ndiye somo!"

Mihogo iliyokuwa motoni ikaanza kuungua, hakuna aliyeinuka. Mwanakombo akamvuta bintiye karibu.

"Uliniuliza mimba huingiaje, nikakutupa. Sikiliza sasa. Huingia mwanamume na mwanamke wanapolala pamoja, hata iwe mara ya kwanza, hata unywe ndimu za Vanga nzima. Mwili wako bado mchanga kwa kuzaa, na shule hujamaliza. Akikuita, mwambie hapana, kisha uje uniambie mimi. Ukishakuwa mkubwa, ukawa na mwenzio, kuna kondomu, kuna vidonge na sindano. Nesi wa zahanati ndiye anayejua ipi inakufaa, na nitakupeleka mwenyewe. Ukiwa na swali, hata la aibu, lilete hapa jikoni. Nyumba ikinyamaza, mwanangu, kichochoro hujibu."