Msiba wa Bibi Nyamizi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na nyumba zikiwa na makufuli, aliishi Nguchiro. Mwili wake ungeenea kwenye kiatu, lakini mdomo wake haukuenea hata kwenye pakacha.

Mwaka huo masika yalianza vibaya. Kiboko, tajiri wa kijiji, alitaka njia pana ya kwendea mtoni. Akapita mara moja, tifu! Akapita mara ya pili, tifu! Shimo la Bibi Nyamizi, nungunungu mzee aliyekaa kando ya njia, likafukiwa lote, na mkeka wake na chungu chake vikiwa ndani. Bibi mwenyewe alinusurika kwa kuwa alikuwa ametoka kuchimba mihogo.

"Pole, bibi," Kiboko akasema bila kugeuza shingo. Hapo tumsamehe, watoto, shingo yenyewe hana. "Lakini njia ni ya wote."

Ya wote! Ilianzia mlangoni pake ikaishia pale anapoogelea.

Basi bibi akawa analala nje, mgongo kwenye tope, mvua yote yake. Kifua kikaanza: koho! koho! Nguchiro alijaribu kumkaribisha kwake. Bibi alipenyeza kichwa, miiba ikakwama mlangoni, ikabidi avutwe miguu kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri.

"Usijali, bibi," Nguchiro alisema akihema. "Nakwenda kwa wenye milango mipana."

Akamkuta Kiboko mtoni, pua tu ndiyo inaonekana.

"Hodi, Bwana Kiboko! Nyumba yako ina vyumba saba."

"Vinane."

"Na mchana kutwa umo majini."

"Ndiyo."

"Na usiku kucha uko malishoni."

"Ndiyo."

"Sasa humo ndani analala nani?"

Kiboko akafikiri kidogo. "Heshima yangu," akajibu. "Halafu wewe binti, chumba cha mgeni ni cha mgeni wa maana. Mtemi Tembo akija nimlaze wapi? Na yule bibi ana miiba, godoro langu la sufi litabaki kweli?"

Chubwi! Akazama.

Nguchiro akaenda kwa Mama Nyati, mwenyekiti wa Chama cha Huruma. Alimkuta anajipima kitenge kipya cha njano, sare ya chama.

"Suala la yule bibi tumelijadili sana," alisema Mama Nyati. "Vikao vitatu, mwanangu. Kile cha pili tulilia mpaka chai ikapoa."

"Mkaamua nini?"

"Tumempa zawadi." Akatoa pazia la mlangoni, lenye maua.

"Mama, hana mlango."

"Najua. Lakini akiupata je?"

Nguchiro akacheka. Akacheka njia nzima, hata alipofika kwa bibi bado anacheka. Kisha akamwona anavyotetemeka, kicheko kikamkatika. Akamfunika lile pazia mpaka kidevuni.

"Mjukuu wangu," bibi alisema polepole, "masika haya siyamalizi."

Nguchiro akamtazama. Akatazama na ile nyumba ya vyumba vinane, mvua ikicheza juu ya paa lake.

"Bibi," akasema, "kufa."

"Ati nini?"

"Kufa sasa hivi, majirani wakiwa macho. Lakini ufe kidogo tu."

Sasa sikilizeni vizuri, watoto. Katika kijiji kile, maiti haikuanzia safari njiani. Sharti itoke kwenye mlango wa nyumba. Na mwenye nyumba iliyotoa maiti hukaa mkeka mmoja na Mtemi, wakala sahani moja, kijiji kizima kikimwangalia. Wapo walioishi miaka mingi wakiombea tu jirani afe, wapate mkeka huo.

Bibi akafumba macho. Nguchiro akavuta pumzi.

"Yoweee! Jamani, tumefiwa! Yoweee!"

Lo! Kwa nyumba iliyofukiwa hawakuja, lakini kwa kilio walikuja mbio. Mama Nyati alifika na kitenge cha njano kimeshapigwa pasi. Kiboko akatoka mtoni akichuruzika maji, mengine akayaita machozi.

"Mama yangu!" akalia Kiboko. "Tulipakana!"

"Wewe ulipakana naye, mimi nilimpa pazia!" akasema Mama Nyati. "Si hilo hapo amejifunika? Msiba ni wangu, atokee kwangu!"

"Kwako kuna tope na mbu! Atokee kwangu!"

Wakasukumana, puu! puu! Nguchiro akapanda juu ya kichuguu.

"Msigombane mbele ya marehemu. Atalazwa penye kitanda kizuri zaidi."

"Changu ni cha mpingo!" akadakia Kiboko. "Godoro la sufi!"

"Na miiba yake je?"

"Miiba gani? Yule mama alikuwa ua la kijiji!"

"Na nani atamwosha?" akauliza Mama Nyati, maana hakutaka kushindwa kila kitu.

"Mvua imemwosha siku ishirini," alisema Nguchiro. "Ametakata."

Basi bibi akabebwa juu juu. Chumba cha mgeni kikafunguliwa, kacha! Kitanda kikatandikwa, blanketi mbili, makaa yakawashwa ili waombolezaji wasipate baridi. Jikoni pilau ikaanza kunukia. Nguchiro, aliyeketi miguuni pa kitanda, aliona kidole cha mguu wa bibi kikijinyoosha kwa raha. Akakifinya, kikatulia, naye hakukiachia.

Lakini kifua hakifinyiki. Joto lilianza kukilegeza, na Nguchiro alisikia kikohozi kinapanda: kr, kr, kr. Kikitoka mapema, bibi atarudishwa kwenye tope, na safari hii hakuna atakayemlilia. Atakufa kweli.

Mtemi Tembo akaingia. Wote wakasimama. Mama Nyati akaanza hotuba.

"Mtemi wetu, huyu tuliyempoteza alikuwa nguzo. Alikuwa taa. Chama chetu hakitamsahau kamwe huyu… huyu…" Akainama kwa Nguchiro. "Anaitwa nani?"

"Unamlilia na jina hulijui?" Nguchiro hakunong'ona. "Nyamizi!"

"Kr… ko…"

"Yoweee, bibi yangu!" Nguchiro akapiga ukelele kukifunika kile kikohozi, kijiji kizima kikamwitikia. Akapiga wa pili, na wa tatu. Koo likamkauka. Mama Nyati akaketi, amekasirika kwamba kilio kimemaliza hotuba yake.

Akasimama Kiboko, mkono kifuani.

"Mtemi, nasema kwa uchungu. Laiti mama huyu angekuwa hai! Laiti angebisha hodi kwangu! Kitanda hiki kingekuwa chake, na chumba hiki chake, mpaka siku yake ya mwisho."

"Rudia, Bwana Kiboko," akasema Nguchiro kwa sauti iliyobaki. "Wa nyuma hawakusikia."

Nani asiyependa kurudia maneno yake mazuri? Kiboko akarudia, safari hii akatoa na machozi.

"Mtemi," akauliza Nguchiro, "neno la mbele ya maiti hurudishwa?"

"Halirudishwi," alisema Tembo. "Anayelirudisha, msiba humhamia yeye."

Nguchiro akaachia kile kidole, na bibi akaachia kifua.

"KOHOO! KOHO! KOHO!"

Pazia likaruka juu. Bibi akaketi kitandani, miiba wima. Mama Nyati akatoka kupitia dirishani, nusu ya kitenge ikabaki kwenye komeo. Waliobaki wakakanyagana mlangoni, isipokuwa Mtemi na mwenye nyumba.

"Asante, baba," bibi akamwambia Kiboko. "Godoro ni laini. Hodi ninaibisha sasa."

"Lakini… mimi nilisema na marehemu!"

"Na marehemu amekubali," akasema Tembo.

"Hakufa!"

"Unataka nife ndiyo roho yako itulie?" akauliza bibi.

Kiboko akafungua mdomo, na mnajua mdomo wake ulivyo. Akaufunga. Akamtazama Mtemi, akatazama nyuso zilizorudi kuchungulia mlangoni, kila moja imesikia ahadi yake mara mbili. Akainamisha kichwa, akaenda zake mtoni. Chubwi.

Nguchiro akapakua pilau, sahani moja, akapanda kitandani. Wakala wawili, bibi akimchagulia vipande vya nyama, huku mvua ikipiga bati juu yao na isimpate yeyote.

Huruma inayosubiri jeneza si huruma, ni sherehe ya walio hai.