Mtu Aliyetazama Kila Tangazo

Ndugu zangu, baada ya kuswali alasiri, tumbo likianza kuulizia chakula cha jioni, si adabu kumtajia mtu achari. Lakini nitaitaja. Mnisamehe.

Palikuwa na mama mmoja pale Tanga, tumwite Mwantumu. Kazi yake achari: ya ndimu, ya bilimbi, na pilipili ya kusaga inayomtoa mtu jasho la utosini. Alikuwa mjane, watoto wameshaoa na kuolewa, na riziki yake yote imo ndani ya zile chupa. Achari yake ilikuwa tamu, hilo hakuna aliyebisha. Ila ilijulikana mtaa mmoja tu, na mtaa mmoja hauwezi kula achari asubuhi, mchana na jioni.

Akaenda kwenye semina ya wajasiriamali. Mwalimu wao, dada mmoja mchangamfu, akawafundisha kutengeneza matangazo kwa simu: unapanga picha, maneno na rangi, kisha unarusha mtandaoni. Mwantumu akafungua ukurasa, akatengeneza tangazo lake la kwanza. Ndugu zangu, lile tangazo! Mlikuwa na chupa saba, maua, nyota, namba ya simu mara mbili, na picha yake mwenyewe kavaa mtandio wa harusini. Watu kumi na mmoja wakaliona. Hakuna aliyeuliza hata bei.

Akampelekea mwalimu. Mwalimu akatazama, akacheka kwa adabu.

"Mama, hapa jicho langu likae wapi?"

"Likae popote, mwanangu. Vyote vizuri."

"Ndiyo maana halikai. Chagua kitu kimoja tu, kibaki peke yake."

Jicho likae wapi? Swali lile lilimwingia kama mwiba. Tangu siku ile Mwantumu akawa mtu wa kuchunguza. Akienda dukani kununua chumvi, anasimama mbele ya rafu ya sabuni na kujiuliza kwa nini ameiona ile ya bluu kabla ya nyingine zote. Leo anaweka chupa moja kwenye rangi nyeupe, kesho chupa ileile kwenye kijani, halafu anatazama ipi imewasimamisha watu. Akagundua kwamba chupa iliyofungwa haimtamanishi mtu, lakini kijiko kinachodondosha rojo kinamtoa mate. Akagundua kwamba maneno mengi hayasomwi. Siku moja akapiga picha sahani ya wali mweupe, mtupu, akaandika juu yake maneno matatu tu: "Wali umekosa kitu?" Basi. Watu wakafurika. Oda zikatoka Muheza, zikatoka Pangani, zikatoka hata Dar es Salaam.

Sasa, mnaojua mitandao mnajua kwamba ukirusha tangazo kwenye stori, zile picha zinazokaa siku moja tu, unaweza kuona majina ya waliolitazama. Mwantumu alikuwa akiyapitia kila alasiri kama mwalimu anayeita wanafunzi. Na katika kuyapitia, akaona jina moja ambalo halikukosekana hata siku moja. Mpita Njia. Ndivyo lilivyoandikwa. Halina picha, halisemi neno, halinunui. Lakini kila tangazo, lipo. Hata siku aliyorusha tangazo bovu, herufi zimepinda, watu wote wamelikimbia, Mpita Njia alikuwa amelitazama.

Ni nani huyu? Kwanza alidhani ni mshindani anayetafuta siri ya achari. Kwa wiki nzima akaacha kuonyesha viungo. Mpita Njia akaendelea kutazama. Kisha akadhani labda ni mzee fulani ana nia ya posa. Msicheke, mjane naye ana moyo. Akaacha kabisa kujionyesha, akaweka chupa peke yake. Mpita Njia akaendelea kutazama. Akaanza kumtengenezea matangazo yeye. Akabadilisha rangi, akauliza maswali, akaahidi chupa ya bure kwa atakayejibu. Watu sitini wakajibu. Mpita Njia alitazama, akanyamaza.

Mwishowe akampigia mwalimu.

"Mwanangu, mtu anayetazama kila siku mwaka mzima na hanunui, nimfanyie tangazo gani?"

Mwalimu akafikiri. "Mama, huyo si wa tangazo. Huyo muulize mwenyewe."

Ajabu ni hii: katika mwaka mzima wa uchunguzi, hilo ndilo jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Akamwandikia pembeni, peke yake: "Assalaamu alaykum. Naona unanitembelea kila siku. Nikutumie chupa ya kuonja?"

Siku ya tatu jibu likaja.

"Wa alaykumu ssalaam. Achari siwezi kula. Daktari amenikataza chumvi."

"Sasa kila siku unatazama nini?"

"Nakutazama wewe. Nataka kujua kama uko mzima."

Mwantumu aliiweka simu juu ya meza kama inayounguza. Kwa sababu duniani alibaki mtu mmoja tu wa kumwambia hivyo.

Naam, kuna jambo sijawaambia. Mwantumu alikuwa na dada yake, Mwajabu, wa tumbo moja, aliyeolewa Korogwe. Mama yao alipougua, Mwantumu ndiye aliyemuuguza, miezi minane, kumgeuza na kumlisha. Mwajabu hakuweza kuja, mumewe naye alikuwa kitandani. Alifika siku ya maziko. Na pale msibani, mbele ya wanawake wote, Mwantumu kwa uchovu na uchungu wake akamwambia: "Kuuguza hukukuona, kuzika umekuona." Alichukua mkoba wake akaondoka kabla ya kisomo cha hitma. Miaka mitano ikapita. Kila mmoja akawa anamngoja mwenzake aanze.

Asubuhi yake Mwantumu alikuwa Korogwe. Njia nzima alipanga maneno ya kuomba radhi, na alikuwa fundi wa maneno machache. Alipobisha hodi na kusukuma mlango, akamkuta dada yake amekaa mkekani, miguu imevimba, uso umebadilika rangi. Figo zilikuwa zimechoka. Alikuwa anaumwa mwaka wa pili, mumewe ameshatangulia mbele ya haki, na anayemchotea maji ni jirani. Maneno yote yakayeyuka.

"Dada," akasema, "kwa nini hukuniambia unaumwa?"

Mwajabu akamtazama kwa upole. "Ningekuambiaje, mdogo wangu? Ungesema nimekuja kudai kuuguzwa, ilhali mimi sikuuguza."

Mnasikia, ndugu zangu? Neno lilitoka mdomoni mara moja, siku moja, msibani. Aliyelisema alishaendelea na maisha yake, anauza achari, anajifunza rangi. Aliyeambiwa alikuwa bado analo, na lile neno ndilo lililomfungia mlango wa kuomba msaada akiwa mgonjwa.

Mwantumu alianguka miguuni pake akalia mpaka kilemba cha khanga kikamtoka. Mwajabu akamwacha alie. Kisha akamshika bega, akamwambia, "Inuka. Halafu lile tangazo lako la juzi, herufi ndogo mno. Sisi wenye macho mabovu tunasoma nini?" Wakacheka, huku kamasi zinawatoka wote wawili.

Alimchukua akarudi naye Tanga. Akampeleka kliniki, akampikia visivyo na chumvi, yeye mwenye nyumba inayonuka chumvi na ndimu. Mwajabu aliishi mwaka mmoja na miezi mitatu. Siku yake ilipofika, kichwa chake kilikuwa mapajani mwa mdogo wake.

Haya. Tuje kwetu sisi.

Simlaumu Mwantumu kwa biashara yake. Kutangaza kazi ya halali ni halali, na kuifanya vizuri ni sifa. Linalonitisha ni kwamba alijua kwa uhakika nini kinamsimamisha mtu wa Dar es Salaam asiyemjua, na hakujua kama dada yake ana miguu inayomwezesha kusimama. Mwaka mzima alijiuliza, "Mbona huyu hanunui?" Hakujiuliza, "Huyu ana nini?" Na sisi je? Tunayo majina mangapi tunayoyahesabu kuwa watazamaji, kumbe ni damu yetu? Shangazi anayetuma "Ijumaa njema" kila wiki na hatumjibu, tunadhani anapenda picha za maua? Kaka mliyegombana naye kwa shamba, anayewauliza watoto wako, "Baba yenu hajambo?", tunadhani anauliza kwa kukosa la kusema?

Na kuna kubwa kuliko hilo. Baadhi yetu hapa, sisi ndio tuliolisema lile neno. Tumelisahau. Tunangoja wao waanze, na wao hawawezi kuanza, kwa sababu neno letu limekaa mlangoni kwao.

Adhana ya magharibi bado. Nilikuwa nimepanga kuendelea na darsa mpaka wakati huo, lakini naishia hapa. Muda uliobaki ni wenu. Yupo mtu ambaye jina lake limewajia tangu nilipotaja Korogwe. Tokeni mwende uani, mmpigie. Akipokea, msianze kujieleza. Mwulizeni kama ni mzima.