Mshono Ulioachwa Njiani

Kuacha kushona si kumwacha mgonjwa. Mmeisikia leo kwa fundi aliyekataa kumalizia paa upepo ukivuma, mkacheka mkidhani ni methali ya wavivu. Basi kaeni, wajukuu zangu, niwaeleze ilivyoanza.

Huko Rungwe gogo lilimwangukia Ambakisye, mpasua mbao, ini likachanika. Daktari Tusekile akampasua tumbo asubuhi ile ile. Alikuwa hodari, na watu walimsifu kwamba kazi akiianza haiachi. Akashona hapa, damu ikatokea pale. Akashona pale, ikatokea kwingine.

Mtaalamu wa usingizi akamwambia kwamba mwili wa mgonjwa umepoa na damu yake haigandi tena. Tusekile alijua maana yake: akiendelea, atamaliza kwa kushona maiti. Akiacha, watasema ameshindwa. Aliona aibu, tena aliogopa, na sindano bado ilikuwa mkononi. Akaiweka chini. Akalijaza tumbo vitambaa safi vya kukandamiza damu, akalifunika, akaagiza mgonjwa apelekwe wodi ya mahututi apashwe joto na kuongezewa damu.

Ndugu waliposikia kazi haijamalizwa, walielewa kama walivyozoea: daktari akikupasua akaacha njiani, amekurudisha ukafie kwenu. Baba mdogo wa mgonjwa akaondoka kutafuta gari la kumrudisha nyumbani. Wangemtoa, asingefika hata getini.

Syabumi, mama wa mgonjwa, akamfuata daktari.

"Mwanangu, niambie kweli. Umemwacha?"

"Nimeacha kushona, mama. Yeye sijamwacha. Mwili wake umechoka; ukipata nguvu nitamalizia."

"Na usipopata?"

"Basi atanifia mikononi, si njiani."

Wahudumu wengine wote siku ile walimwambia Syabumi asijali. Huyu hakumwambia hivyo, na ndiyo maana alimwamini. Baba mdogo aliporudi alimkuta amesimama mlangoni pa wodi.

"Rudisha gari, shemeji," akasema. "Kuacha kushona si kumwacha mgonjwa."

Kesho yake mwili ulikuwa umepata joto na damu imetulia. Tusekile akatoa vitambaa, akamalizia kazi yake. Ambakisye alipona, ingawa mbao hakupasua tena.

Tangu hapo daktari yule aliwafundisha wanafunzi wake maneno ya Syabumi, na aliwakazania hasa walio hodari, kwa kuwa hodari ndiye anayechelewa kuiweka sindano chini. Kuacha kushona si kumwacha mgonjwa.