Bi Kidawa na Kitabu Kisicho na "Pole"

Hii imenifikia asubuhi nikiwa nachemsha maji ya chai. Nilipomaliza kuisoma, maji yalikuwa yamekauka na sufuria imeungua. Wewe zima jiko kwanza, ndiyo uendelee.

Palikuwa na mama mmoja Tanga, jina lake Bi Kidawa, muoka mikate ya sinia. Mungu alimjalia mtoto mmoja tu, Sefu. Sefu alikwenda Japani kufanya kazi kwenye yadi ya magari yaliyotumika, haya haya yanayoshushwa bandarini kwetu kila siku. Huko huko akaoa. Mkewe akiitwa Yukari.

Bi Kidawa alimjua mkwe wake kwa picha na kwa kupungiana mikono kwenye simu. Wakitaka kuzungumza, Sefu ndiye aliyekaa katikati akitafsiri, huku akiongeza chumvi yake na kucheka peke yake.

Kisha Sefu akaugua ghafla, akafariki. Akazikwa huko. Huku nyumbani watu walikuja, khitma ikasomwa, matanga yakaanuliwa. Mtaa mzima ulimpa Bi Kidawa pole, hata wale aliokuwa hasemezani nao.

Lakini kuna jambo moja halikumtoka. Yule mwanamke aliyemuuguza mwanawe, akamfumba macho, yeye hajampa pole. Hata hakujua kama huko aliko yupo mtu aliyempa.

Miezi ikapita. Siku moja rafiki yake Sefu wa kule kazini akapiga simu. "Mama, Yukari anakuja baada ya Idi. Anataka kuiona nyumba aliyokulia mumewe."

Si unawajua watu? Hawakukosa la kusema. "Anakuja kufuata nini, na mtoto hakuzaa?" Bi Kidawa alimwambia jirani yake tu, Bi Zena, tena kwa sauti ndogo:

"Akija akakaa, akaondoka bila mimi kumwambia neno, huyu hatarudi tena, Zena. Nitakuwa nimempoteza Sefu mara ya pili."

"Simu zinatafsiri siku hizi," Bi Zena akasema. "Unaongea, yenyewe inasema."

"Nikampe pole kwa mdomo wa simu? Toba! Hiyo simu ilimzaa Sefu?"

Basi akajitanda kanga yake, huyoo, hadi kwa Bwana Chande muuza vitabu. Duka la Chande lilikuwa na vitabu vya kila namna, vipya na vilivyosomwa na watu wengine. Akamwambia shida yake yote: anataka kitabu cha kujifunzia Kijapani nyumbani, aanze mwanzo kabisa, maana hajui hata herufi moja.

Chande alikuwa mtu mwema. Akamtolea kitabu kinene chenye jalada gumu.

Bi Kidawa hakukifungua. Akauliza, "Kina pole?"

Chande akavaa miwani, akapekua. "Kina samahani, Bi Kidawa. Kina na asante."

"Samahani ya nini? Nimemkosea nini mie? Nataka pole."

Chande akapekua tena mpaka nyuma kabisa, akapata neno la kuwaambia wafiwa. Akalisoma polepole. Lilikuwa refu, likapinda, likaendelea. Bi Kidawa akajaribu kulifuata, ulimi ukakwama njiani.

"Hili ni neno au ni treni na mabehewa yake?" akauliza. "Haya niambie, mtu akijigonga kidole, huko wanamwambia hili?"

"Hapana, mama. Hili ni la msibani tu, tena la heshima."

"Basi hiyo siyo pole. Pole inaanzia kwenye kidole."

Chande akacheka. Akampa kitabu cha pili, chenye picha za rangi na watu wanaotabasamu. Nacho hakikuwa na pole. Akampa cha tatu akapekue nyumbani. Kesho yake kikarudi. Mwezi mzima wa mfungo ulikwenda hivyo: Bi Kidawa anachukua kitabu, anakwenda kukipekua kutafuta neno lile moja, halipo, anakirudisha. Vitabu alivibeba vingi, lakini Kijapani hakujua hata cha kuombea maji.

Idi ilipokaribia, Chande akaona huruma. Akatoa rafuni kijitabu chembamba cha kopi, kimebanwa kwa springi, maelezo yake kwa Kiswahili.

"Chukua hiki uanze, Bi Kidawa. Mgeni yuko mlangoni na wewe bado unachagua."

Bi Kidawa akakifungua. Ukurasa wa kwanza: *Hii ni kalamu. Hiki ni kiti.* Akakifunga, macho yakamjaa machozi.

"Mwanangu amekufa, Chande. Mimi nikamwambie mkewe hii ni kalamu?"

"Mwambie unachokiweza, mama," Chande akasema. "La pole tutalitafuta."

Akakichukua kwa shingo upande. Lakini alipofika nyumbani, akasema liwalo na liwe, akaanza. Akawa anagusa kitu, anakiita. Hili ni jiko. Haya ni maji. Huu ni mlango. Bi Zena akipita uani anamsikia, anacheka mpaka anashika ubavu.

"Jamani, Kidawa anaongea na sufuria!"

"Bora sufuria, haisengenyi," Bi Kidawa akamjibu, akaendelea.

Somo la pili likamfundisha kusema kitu ni cha nani. Kitabu cha mwalimu. Mwavuli wa Tanaka. Huyo Tanaka hakumjua na mwavuli wake hakuutaka, lakini alisoma. Alipofika hapo tu, Idi ikawa imekwisha na mgeni amefika.

Yukari alishuka kwenye bajaji na sanduku dogo. Mwembamba, amevaa gauni jeusi lililomfika miguuni, uso wa mtu aliyesahau kulala. Uani wanawake walikuwa wamejaa mkekani, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kutaka kuona tu. Tusidanganyane.

Bi Kidawa akatoa mkono, kama tunavyowapa watoto wetu mkono waubusu. Yukari naye akainama, kama wanavyoinama kwao. Mkono wa mama ukaishia utosini kwa mkwe. Hakuna aliyejua afanye nini baada ya hapo.

Wakaingia ndani, watu wakafuata. Bi Kidawa alilitafuta lile neno refu la Chande, hakupata hata behewa moja. Nyuma yake mmoja akanong'ona, "Ndiyo hayo, bubu kakutana na bubu." Yukari akainamisha uso chini, na Bi Kidawa akaona kabisa kwamba anampoteza.

Hapo jicho lake likaanguka kwenye kiti cha mbao kilichokuwa pembeni. Akakishika. Akasema kwa Kijapani:

"Hiki ni kiti."

Kati ya waliofuata kuna aliyekisia maana, akaangua kicheko. Bi Zena akamfinya. Yukari akainua macho kwa adabu, akatikisa kichwa: ndiyo, ni kiti.

Bi Kidawa akameza mate. Akakumbuka mwavuli wa Tanaka.

"Hiki ni kiti cha Sefu."

Yukari akaacha kutikisa kichwa.

Bi Kidawa akamshika mkono, akamvuta hadi kabatini, akatoa kikombe cha bati kilichobanduka rangi mdomoni. "Hiki ni kikombe cha Sefu." Akampeleka dirishani. "Hili ni dirisha la Sefu." Akamwingiza chumbani, chumba ambacho tangu msiba hakuwa amemruhusu mtu kuingia, hata Bi Zena. "Hiki ni kitanda cha Sefu." Yukari akakigusa kitanda kwa kiganja. Akalishika shuka, akakishika chandarua. Kila kimoja Bi Kidawa alimtajia, na asichokijua jina alisema tu "cha Sefu, cha Sefu."

Vitu vikaisha. Wakasimama wakitazamana. Bi Kidawa akaweka mkono kifuani kwake mwenyewe.

"Mama wa Sefu," akasema.

Yukari naye akaweka mkono kifuani kwake, akasema neno ambalo kitabu kilikuwa bado hakijalifikia. Halikuhitaji kutafsiriwa, ni nani asiyejua alisema yeye ni nani?

Kisha yule binti wa watu akaishika mikono yote miwili ya Bi Kidawa. Akasema, kwa Kiswahili, tena kwa lafudhi ile ile ya Sefu ya kuvuta neno:

"Pole, mama. Pole sana, mama."

Wallahi nilipofika hapa ndipo sufuria iliponiungulia.

Bi Kidawa akakaa juu ya kitanda cha mwanawe. Mwezi mzima amelitafuta neno lile vitabuni, kumbe lilikuwa njiani linakuja kwake. Akamvuta Yukari akamlaza kifuani. "Pole nawe, mwanangu. Pole, mwanangu, pole." Akalisema kwa Kiswahili hivyo hivyo, na Yukari alilielewa lote. Wakalia kama hawajawahi kulia tangu msiba utokee, na wale wa mkekani waliokuja kutazama nao wakalia, hata aliyecheka.

Jioni, wakinywa chai na mkate wa sinia, Bi Kidawa akakubali simu ya Bi Zena itafsiri, maana sasa lililobaki lilikuwa ni mazungumzo tu. Akamuuliza mkwe wake, neno lile kalitoa kitabu gani.

Yukari akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akaeleza kwamba Sefu alimwambia pole kwa kila kitu. Akiungua kidole jikoni, pole. Akirudi kutoka kazini, pole. Mvua ikimnyea, akipiga chafya, akiangusha kijiko, pole, pole, pole. Alitafuta kwa Kijapani neno la kumrudishia, akakosa. Kwa hiyo akajifunza lake.

"Na siku ya mwisho?" Bi Kidawa akauliza. Swali hilo alikuwa nalo tangu siku ya msiba.

"Siku ya mwisho nilimwambia mimi," Yukari akasema. "Akaitikia. Alisema, nimeshapoa."

Bi Kidawa akafunika uso kwa kanga. Alipoifunua, akamjazia Yukari chai, akamkatia mkate mwingine. Kisha akaenda kukichukua kile kijitabu cha springi, akakiweka katikati yao mkekani, akafungua somo la tatu.

Kesho yake asubuhi Chande aliwaona wawili dukani. Alidhani Bi Kidawa amekuja kurudisha kitabu kama kawaida yake. Kumbe alikuja kuuliza kama kuna cha pili cha namna hiyo, ila hiki kiwe cha Mjapani anayeanza Kiswahili.

"Kina pole?" Chande akamtania.

"Hiyo anayo," Bi Kidawa akasema. "Mtafutie chenye kalamu."

Kama kuna mtu unanyamaza naye kwa sababu hujapata maneno ya kufaa, soma mara ya pili halafu mpelekee na hii.

Funzo: Usiudharau ukurasa wa kwanza. Mwambie mwenzako hicho kidogo unachokijua leo, kwa moyo wako wote, kwani neno kubwa unalolitafuta huenda analo yeye, naye anangoja umfungulie mlango.